Bunge la Nyuma ya Jiko na Punje ya Alizeti

Nimekabidhi funguo za maabara, nimepigiwa makofi, nimepewa kanga na ndoo ya plastiki, na sasa ninyi vijana mliobaki mnataka niwaandikie uzoefu wangu. Vyeo sitavigusa kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara sitautaja kwa sababu mnaujua. Nitaandika kuhusu kitu kimoja kilichonikera tangu mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Biolojia hadi wa mwisho, nacho ni wanafunzi kusahihishana baada ya mtihani wa taifa. Anayeona ni jambo dogo asome kwanza, kisha abishe.

Nilianza kazi katika shule moja ya Iramba, wakati ambao maabara ilikuwa chumba chenye meza mbili na kabati lisilofungika. Hadubini ilikuwa moja. Kioo chake kilikuwa kimepasuka, na bado ilitunzwa kwa heshima kuliko sisi walimu. Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Msengi, mzee mwembamba mwenye koti la kaki lililojaa madoa ya iodini. Nilimwamkia kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unajua kukamata panzi?"

"Najua."

"Basi umepata kazi. Wenzako waliokutangulia walikuja na vyeti, panzi wakawakimbiza."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, si chuo. Alinifundisha kudondosha iodini tone kwa tone kwa sababu chupa ikiisha hakuna nyingine hadi mwaka ujao. Alinifundisha kufunga wembe kwenye karatasi ngumu kabla ya kumpa mwanafunzi, na kuchemsha mirija ya majaribio kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mchina la mafuta ya taa pale gesi inapokuwa hadithi. Alinifundisha pia kwamba mwanafunzi akikuambia jibu, hata likiwa sahihi, umuulize ameliona wapi. Akisema ameambiwa, mrudishe akaangalie. Wanafunzi walimwona mzee huyu ni mkorofi, na kweli alikuwa mkorofi. Nilimpenda sana.

Mwaka huo huo nikaona kwa mara ya kwanza jinsi watoto wa kidato cha nne wanavyotoka kwenye chumba cha mtihani. Waliingia wametulia kama watu wa msibani, wakatoka mbio kuelekea nyuma ya jiko la shule, mahali pasipo na upepo, kwenye yale mawe ambayo wapishi walikalia wakichambua maharage. Wenyewe waliita mahali hapo bungeni. Palikuwa na spika, ambaye daima ni mvulana mwenye sauti kubwa. Spika alisoma swali kutoka kichwani, mmoja akatoa jibu, mwingine akapinga, kelele zikapanda, halafu spika akasema, "Wanaoafiki wanyooshe mikono." Mikono ikinyooka mingi, jibu limepita. Hivyo ndivyo siku hiyo tulivyopata ini lenye kazi ya kuchuja mkojo.

"Wanapigia kura ini," nilimwambia Mwalimu Msengi.

"Waache," alisema. "Wakimaliza ini watapigia kura mvua."

Nilihamia Nduguti, enzi hizo ofisi zote hizi mnazoziona hazijajengwa, nikakuta bunge. Nikahamia Iguguno, nikakuta bunge, tena lenye wabunge wengi zaidi. Simu zilipoingia, baadhi ya walimu, watu wazima wenye shahada, wakaanza kuturushia kwenye makundi ya simu "majibu sahihi" ya mtihani ambao hawakuuona, yaliyotumwa na mtu asiyejulikana kutoka mkoa usiojulikana. Mmoja wao alinifuata kuuliza kwa nini sichangii. Nilimwambia kwamba mimi husubiri msahihishaji, huwa ana kalamu nyekundu.

Nitawaachia ujanja mmoja wa kazi kabla sijafika ninapokwenda. Kabla ya mtihani wa vitendo, mwalimu wa Biolojia huletewa maelekezo ya vitu vya kuandaa, na ni siri. Sasa wanafunzi wanajua kwamba mwalimu lazima aende sokoni. Ukionekana umenunua viazi, bweni zima linakariri wanga. Ukinunua mayai, wanakariri protini. Kwa hiyo mimi nilinunua kila kitu: viazi, mayai, vitunguu, nyanya, dagaa, karanga, ndizi, na nikapita navyo katikati ya uwanja wa mpira polepole ili wavione vizuri. Usiku watu walikariri soko zima. Visivyohitajika nilivipika nikala.

Sasa Zaituni.

Zaituni alikuwa binti wa kidato cha nne pale Iguguno, katika miaka yangu ya mwisho kazini. Kwao ni Sekenke, kwenye machimbo madogo, ambako mama yake alikuwa anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo na kuosha mchanga wake. Hakuwa mwanafunzi wa kusimuliwa. Hakuwa wa kwanza, wala hakuwa mzungumzaji. Alitaka kitu kimoja tu, kusomea uuguzi, na chuo cha uuguzi hakimchukui mtu asiyefaulu Biolojia. Alijua hilo kuliko alivyojua sala zake. Alikuwa na tabia moja niliyoithamini, ya kuangalia kitu muda mrefu bila kusema neno.

Tulipofika kwenye somo la maua nilileta darasani vichwa vya alizeti. Mnaijua Iguguno: ukitema mate yanaangukia kwenye alizeti. Watoto wale wamezaliwa ndani yake, wamelala juu ya magunia yake, ada zao zimekamuliwa humo. Niliwaambia wapasue kichwa kwa wembe, waangalie kwa lenzi ya mkono, waone kwamba kile wanachokiita ua ni maua madogo mengi yaliyobanana, kila moja la katikati na viungo vyake vyote. Tena kila ua dogo la namna hiyo likikomaa hutoa punje moja, na punje hiyo si mbegu. Ni tunda. Lile ganda lenye michirizi ni ukuta wa tunda, mbegu yenyewe iko ndani yake. Nilipogeuka kutoka ubaoni, watoto wa alizeti walikuwa wanatafuna vielelezo vyangu na kutema maganda chini ya meza. Aliyekuwa ameinamia lenzi ni Zaituni peke yake, mtoto wa mawe.

Spika wa bunge mwaka huo alikuwa Elibariki, ambaye wenzake walimwita Profesa. Likizo alikuwa akienda tuisheni Singida mjini, na alirudi kutoka huko na viatu vyenye ncha na neno "actually", ambalo aliliweka mbele ya kila kosa lake. Si mtoto mbaya. Alikuwa na sauti, na watu wengi wakisikia sauti hudhani wamesikia elimu. Nimekutana na maofisa wa namna hiyo pia, lakini leo nipo kwa Elibariki.

Siku somo lako linafanyiwa mtihani wa nadharia, wewe mwalimu wake hutakiwi kuonekana shuleni. Wanakuja wasimamizi kutoka shule nyingine na askari mwenye bunduki, utadhani tunalinda madini. Kwa hiyo asubuhi ya karatasi ya nadharia nilikwenda Nduguti kutafuta maji safi ya maabara na mirija, maana mtihani wa vitendo ulikuwa unakuja keshokutwa yake. Nilirudi alasiri. Askari alikuwa ameshaondoka na bahasha zake, na bunge lilikuwa bado limekaa, limenogewa.

"Shikamoo, madam," waliniamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Mmekosea mangapi?"

Wakacheka. Elibariki akashuka kwenye jiwe lake. "Madam, actually karatasi ilikuwa nyepesi. Hata alizeti ilikuja. Wameuliza punje ni mbegu au ni tunda, na sababu."

"Mkaandika nini?"

"Mbegu," walisema wote, kwa furaha.

"Sababu?"

"Madam, sisi si ndio tunazipanda?" alisema Elibariki. "Kinachopandwa ni mbegu. Yule Zaituni ndiye aliandika tunda. Tukamwambia, wewe wa machimboni, tunda la alizeti umelila wapi?" Wakacheka tena, na mmoja akaiga namna Zaituni alivyokuwa amesimama. Nikaambiwa kwamba walipiga kura, mikono yote ikanyooka isipokuwa wake. Mwalimu wa Historia alikuwa anapita na kikombe chake cha chai, na kwa kuwa kwao wana mashine ya kukamua mafuta, akaombwa hukumu. Akasema yeye amekula jasho la mbegu za alizeti maisha yake yote, matunda ayajuayo ni maembe na mapapai. Akanywa chai yake akaenda zake. Baada ya hapo wakapitia swali la mshipa unaorudisha damu yenye oksijeni moyoni kutoka mapafuni, wakapitisha kwamba ni ateri, kwa sababu ateri ndiyo ya damu safi. Zaituni alikuwa ameandika vena. Wakapitia na la tatu, akawa peke yake tena.

"Yuko wapi?" niliuliza.

Msichana mmoja akasema amemwona na begi akipanda gari pale barabarani.

"Punje ni tunda," nikawaambia. "Na mshipa ni vena. Yupo mmoja tu aliyepata hapa, na mmemfukuza."

Kuna kitu sitakisahau. Hakuna aliyeuliza Zaituni ameelekea wapi. Waliuliza swali lile lina maksi ngapi. Elibariki akasema kwamba actually mtihani haukuwa wa haki kwa watu wa mkoa wetu. Nilimtukana kwa Kinyiramba, tusi la bibi yangu, ambalo hapa silitafsiri.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la kwenda Nzega, nikashuka chini ya mlima wa Sekenke, nikachukua bodaboda hadi machimboni. Nilikuwa na hasira na safari nzima sikuiona njia. Umri wangu huu, na magoti haya, napandishwa kwenye kokoto kwa sababu watoto wamepigia kura alizeti. Dereva aliniuliza kama nimekuja kununua dhahabu. Nilimwambia nimekuja kuidai.

Nilimkuta Zaituni amekaa chini ya kivuli cha turubai karibu na mama yake, ana nyundo mkononi, ameshaanza kazi. Vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Mama yake alisimama haraka akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu. Huyu ameniambia mitihani imekwisha."

"Marahaba, mama Zaituni. Haijaisha. Kesho ana Biolojia ya vitendo. Asipofanya hiyo, ya jana haina kazi, na uuguzi ndio basi."

Mama akamgeukia mwanawe. Zaituni alikuwa anaangalia nyundo.

"Nimefeli, madam," alisema. "Kwa nini nije kufanya nusu iliyobaki ya kufeli?"

"Nani amekufelisha?"

"Walipiga kura. Kila swali nilibaki peke yangu. Hata mwalimu wa Historia alisema."

"Mwalimu wa Historia na alizeti wapi na wapi? Hebu niambie, uliandika tunda kwa sababu gani?"

"Niliona ile siku kwenye lenzi. Kila ua lilikuwa na kitu chake chini kimevimba. Nikaandika ganda ni ukuta wa tunda, mbegu iko ndani."

"Ni sahihi. Na vena ni sahihi. La tatu sijalisikia vizuri, huenda ulikosea, na wewe ni binadamu."

Nilitegemea atafurahi. Badala yake akasema jambo ambalo lilinichoma kuliko vicheko vyote vya nyuma ya jiko. "Madam, wewe ni mmoja. Wao ni wengi."

Miaka yote ile ya kufundisha, na huyu, mwangalifu kuliko wote, alikuwa amefikia hapo. Alikuwa ameona kwa macho yake mwenyewe, na bado alikuwa anaamini mikono ya watu waliokula vielelezo. Niliumia. Nilitaka kulia na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja.

"Anayesahihisha pia ni mmoja," nilimwambia. "Amekaa mbali huko, hamjui Elibariki, hasikii sauti ya mtu. Ana karatasi yako mbele yake na kalamu. Wale walionyoosha mikono hawamo chumbani mwake."

Aligonga jiwe mara moja, bila nia, kwa sababu mkono ulikuwa na nyundo. Mimi nilitakiwa kurudi kabla ya jioni. Maabara ilikuwa inanisubiri, na vitu vyenyewe sikuruhusiwa kumkabidhi mtu mwingine. Wala sikuruhusiwa kumwambia neno lolote kuhusu kitakachokuwa mezani kesho, na sikumwambia. Kuna walimu wangemnong'oneza, wakaita huruma. Mimi huruma ya aina hiyo naiona ni sawa na wizi.

Mama yake alinisindikiza hadi kwenye bodaboda.

"Atakuja?" niliuliza.

"Mwalimu, nenda," alisema. "Mimi sikusoma, sijui alizeti wala vena. Ila nyundo ni yangu, na sijamwazima."

Usiku huo nililala vibaya. Asubuhi nilipanga meza, nikamimina kimiminika kwenye mabika, nikaweka mirija, iodini, na dawa nyingine zilizotajwa kwenye maelekezo, nikabandika namba za watahiniwa. Nilipofika kwenye namba ya Zaituni nilitamani kuiruka ili nisije kuiona meza tupu. Niliibandika, nikaifuta vumbi, nikatoka nje kama sheria inavyotaka.

Walikuja dakika za mwisho, wameshushwa na lori la mchanga. Zaituni alikuwa amevaa sare iliyokunjwa vibaya, bado ana vumbi kwenye nywele. Nyuma yake alikuwa mama yake, amebeba begi. Msimamizi akamkagua binti akamruhusu aingie. Mama akakaa kwenye begi hapo hapo getini, askari akamwambia asogee, akasogea hatua ndogo akakaa tena. Hakuwa ameleta chochote cha kula. Nilimpelekea uji, tukakaa wawili.

Najua mnataka matokeo. Alifaulu Biolojia, si kwa alama ya kuandikwa gazetini, lakini kwa ile iliyotakiwa, na hivi ninavyoandika anasomea uuguzi. Elibariki naye alifaulu Kiingereza. Mwalimu wa Historia bado anasema ni mbegu, na mashine yao bado inakamua vizuri tu. Lakini mkiniuliza niliondoka kazini na nini, si hayo matokeo. Ni dakika chache baada ya mtihani ule wa vitendo.

Nilikuwa ndani ya maabara nakusanya mirija, dirisha likiwa wazi upande wa jikoni. Bunge lilikuwa limeshakaa. Lakini Elibariki hakuwa juu ya jiwe. Alikuwa amesimama chini, na jiwe lilikuwa tupu, limepanguswa. Habari ya tunda na vena ilikuwa imeshazunguka mabweni yote. Zaituni alipotokea kwenye kona, kelele zikakatika.

"Zaituni, dada, njoo," alisema Elibariki, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Kaa hapa. Tuambie, kile kimiminika baada ya iodini uliona rangi gani?"

Wote wakamtazama mdomoni. Ni wale wale wa juzi, na mmoja wao ni yule aliyekuwa amemuiga anavyosimama. Nilikasirika hadi mrija ukanivunjikia mkononi. Hawakuwa wamejifunza kuangalia. Walikuwa wamebadilisha tu mtu wa kumsikiliza, na kesho angeibuka mwingine mwenye viatu vyenye ncha wangemhamia. Nikaogopa pia, kwa sababu kwa binti wa umri ule, aliyechekwa vile, jiwe kama lile ni tamu sana kulikalia.

Zaituni aliliangalia jiwe. Akawaangalia na wao, mmoja mmoja, polepole, alivyozoea.

"Karatasi zimeshakusanywa," alisema. "Mimi naenda kufua, kesho kuna Kemia."